Nyuki wa Sakafuni kwa Mbonea

"Nyuki akihama, usiulize alikokwenda, uliza alikotoka." Jana mlimsikia mwenyekiti akiisema kikaoni mkacheka, na wewe mjukuu wangu ukanong'ona eti mzee kaishiwa maneno. Nilikusikia. Macho yangu ndiyo mabovu, masikio bado mazima. Leo mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, vuteni vigoda, na anayetaka kuchezea simu akaichezee nje. Nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika. Si methali ya nyuki wa mzinga, hao mnaowafukuza kwa moshi mkalamba asali yao. Ni ya nyuki wa chini, wale wadogo wanaochimba ardhi, na chanzo chake ni hiki.

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda huku milimani Upare, palikuwa na kitongoji kikiitwa Isheto. Wanawake wa Isheto walikuwa wafinyanzi. Mtungi wao ukiugonga kwa ukucha ulilia mpaka ukasikika nyumba ya tatu, na watu wa nyikani walipanda mlima siku nzima na maharage kichwani ili wabadilishane nao. Udongo wa kazi hiyo ulitoka mahali pamoja tu, chini ya kilima kilichokatika upande mmoja. Wanawake walikuwa wamechimba hapo kuingia ndani, mama kwa binti, miaka na miaka, hata pakawa na pango la kuingia watu sita wakiwa wameinama. Waliliita Shimo, basi, bila jina jingine.

Shimo lilikuwa na miiko yake. Mwanamume hakuruhusiwa kuvuka jiwe jeupe lililokaa njiani, hata akiwa chifu. Ukiwa ndani, jina la mtu halitajwi; mnaitana "mwenzangu" tu. Mkiwa humo ndani ukasikia jina lako, ujue aliyekuita si mtu, ni ardhi, na anayeitikia ardhi hatoki. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, na msicheke, kila watu wana yao.

Mwiko wa mwisho ulikuwa wa nyuki. Ukuta wa juu ya mlango wa Shimo, ule uliopigwa na jua la asubuhi, ulikuwa umejaa vitundu, kila kimoja upana wa bua la mtama. Nyuki hawa hawana malkia wala mzinga. Kila jike hujichimbia nyumba yake mwenyewe, ila hupenda kuchimba karibu na wenzake, hata ukuta mmoja ukabeba mamia. Akishachimba, huleta chavua, akaikanda kidonge, akataga yai juu yake, akaziba mlango kwa udongo, akafa. Mtoto hukaa gizani mpaka mwaka wa pili. Wakati wake ukifika hutoboa, hutoka, huzungukazunguka kidogo, na yeye huanza kuchimba palepale alipozaliwa. Kwa hiyo kila kiangazi, majuma machache kabla ya vuli, ukuta wa Shimo ulivuma. Wanawake walingoja. Nyuki wa mwisho akishaziba mlango wake, ndipo wao nao walipoingia kuchimba.

Sasa mjue mwenye hadithi. Ni Nakijwa, mwanamke aliyeolewa Isheto kutoka kitongoji kisichojua hata kukanda udongo. Aliyemfundisha kazi ni mama mkwe wake, Mbonea, mkubwa wa wafinyanzi wote. Mbonea hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipofinyanga alikuwa akivuma puani, sauti moja ndefu isiyo na maneno, na Nakijwa alipokosea ile sauti ilikatika, akajua amekosea. Wengine huogopa wakwe zao. Nakijwa alimpenda huyu kuliko alivyompenda mama aliyemzaa, na alisema hivyo wazi mbele za watu, jambo lililowaudhi wa kwao.

Mbonea alikufa wakati wa masika. Alizikwa nyuma ya nyumba yake, hatua kumi kutoka mlangoni. Kama ilivyokuwa desturi, moto wake ulitolewa jikoni, mtungi wa maji uliachwa umejaa karibu na kitanda chake, mlango ukafungwa, na ikakatazwa kufagia au kusiriba sakafu ile mpaka mwaka wa matanga utimie. Mwana wa Mbonea, yaani mume wa Nakijwa, alirudi nyikani kwenye ng'ombe. Nakijwa akabaki katika nyumba ya pili ya boma hilo na binti yake mmoja, Kunda, msichana wa miaka kumi na sita.

Kiangazi kikaingia. Siku zilipofika, Nakijwa alikwenda Shimoni peke yake kutazama kama nyuki wameanza, maana kazi hiyo ilikuwa ya mkwe wake na hakuna aliyekuwa amepewa. Alifika jua likiwa juu. Hakusikia kitu. Ukuta ulikuwa pale, vitundu vilikuwa pale, vyote wazi, vyeusi, vikimtazama. Hakuna nyuki aliyeingia, hakuna aliyetoka. Akabandika sikio ukutani kama alivyoona Mbonea akifanya. Ubaridi ukamwingia sikioni ukashuka mpaka shingoni, naye akaruka nyuma. Mahali palipovuma tangu enzi za mabibi wa mabibi palikuwa kimya, na alijiona kama ameingia katika nyumba ambayo wenyewe wametoka sasa hivi kwa sababu yake. Alirudi nyumbani akikimbia, na jua lile lote mgongoni halikumpasha moto.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, Kunda alikuwa akianua mtama uani. Akaja ndani polepole, uso umempauka.

"Mama," alisema, "bibi anaimba."

"Bibi yupi?"

"Bibi Mbonea. Yuko ndani kwake. Anavuma vile anavyovumaga."

Nakijwa alitaka kumkaripia, ila alipotoka uani naye akasikia. Ilikuwa sauti moja ndefu, ya puani, inatoka ndani ya nyumba iliyofungwa. Mbuzi walikuwa wamesimama wote wakiangalia upande ule. Nakijwa alimwambia binti yake abaki alipo, akaenda, akaondoa mti uliofungia mlango.

Sakafu yote ilikuwa imechimbwa. Kulikuwa na vichuguu vidogo vya unga wa udongo, mamia kwa mamia, kama kwamba mtu amekaa usiku na mchana akimwaga vijiko vya unga mmoja baada ya mwingine. Vilizunguka kitanda. Vilizunguka mafiga matatu yaliyopoa. Katikati ya kila kichuguu palikuwa na tundu, na juu yake nyuki walipanda na kushuka katika miale iliyopenya paani, na sauti ilitoka chini ya nyayo zake. Aliisikia kwa miguu kabla ya masikio. Akafunga mlango. Alipozunguka nyuma ya nyumba akaliona kaburi, na kaburi nalo lilikuwa hivyohivyo, limejaa vichuguu kutoka kichwani mpaka miguuni, linavuma.

Jambo kama hilo halifichiki. Kufika jioni Isheto yote ilikuwa imejua. Wanawake walikuja, wakasimama mbali, wakasikia, wakaondoka bila kuaga. Kesho yake hakuna aliyekuja kuomba moto kwa Nakijwa. Kesho kutwa mtoto wa jirani alipandwa na homa, na mama yake akamhamishia kwa dada yake ng'ambo ya kijito, akapita uani kwa Nakijwa akiwa amemfunika uso mtoto kwa kanga. Nakijwa aliona, na alilia. Angekuwa jiwe asingelia.

Mkubwa wa wafinyanzi baada ya Mbonea alikuwa Namboza, mke wa Kajiru. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye haki, na alikuwa rafiki wa Nakijwa, msimdhanie vibaya. Aliwaita wanawake kwake. Kila mmoja alisema lake. Mmoja alisema Mbonea ana uchungu kwa sababu matanga yake yalikuwa ya uji mwembamba. Mwingine alisema, hapana, Mbonea anataka mwenzake wa kukaa naye. Wa tatu, huyo mwenye ulimi usio na mfupa, akauliza ni nani aliyeusikia wimbo wa kwanza. Wote wakageuka wakamtazama Nakijwa, kwa sababu walijua ni Kunda.

"Basi tumpe anachotaka kwa heshima, asije akakichukua mwenyewe," alisema Namboza. "Mtoto amefikia umri wa kuingia Shimoni. Aingie mwaka huu, awe wa kwanza, achimbe udongo kwa mkono wake, afinyange chungu kimoja akakiweke kaburini kwa bibi yake. Mbonea akiona kazi yake ina mrithi atatulia, na nyuki atawarudisha."

"Lini?" Nakijwa aliuliza.

"Kesho kutwa. Tungoje nini? Mwaka huu hatuna nyuki wa kumngoja."

Nakijwa alikubali. Alikubali upesi, kwa shukrani hata, maana alikuwa ameogopa watasema jambo baya zaidi. Angalieni jinsi watu wazima, tena wenye akili, walivyokaa pale toka asubuhi mpaka mbuzi wanarudi, wakazungumza juu ya nyumba ya Mbonea, na kaburi la Mbonea, na moyo wa Mbonea. Hata mtu mmoja hakutaja ule ukuta wa Shimo. Nyuki walikuwa wamekwenda mahali pa kutisha mno, na hofu ikawageuza wote shingo upande mmoja.

Siku ikafika. Msichana anayeingia Shimoni mara ya kwanza hasindikizwi na mama yake. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Namboza alikuja kumchukua Kunda asubuhi, pamoja na wanawake wengine wanne na vijinga vya moto vya kuangazia. Kunda alikuwa amepakwa mafuta, amefungwa kaniki mpya. Nakijwa alimwambia, "Nenda mwanangu, ufanye kama unavyoona wenzako wakifanya, na ukisikia jina lako nyamaza." Walipopotea kwenye kona akaona hawezi kukaa nyumbani kwake. Akaenda kwa mkwe wake.

Alifungua mlango akaingia, safari hii mpaka ndani kabisa, akapiga magoti kati ya vile vichuguu. Nyuki walimpita masikioni bila kumgusa. Alisema na Mbonea kama mtu anavyosema na mtu aliye hai.

"Mama, mimi nimekukosea nini? Kama ni matanga, tulipika tulichokuwa nacho. Kama ni upweke, nichukue mimi. Huyu mtoto umwache. Mama, nakuomba. Nilikufulia, nilikubeba, hata siku ya mwisho ulikunywa maji mkononi mwangu. Mtoto umwache."

Sakafu iliendelea kuvuma vilevile, haikupanda wala haikushuka. Nakijwa alilia mpaka machozi yakakauka, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akabaki amekaa akimtazama nyuki mmoja aliyekuwa akichimba mbele ya goti lake. Alikuwa akiingia kichwa mbele, akitoka kinyumenyume, akisukuma vumbi kwa miguu. Vumbi lilikuwa kavu, laini, kama ulezi uliosagwa. Nakijwa aliligusa. Akafikiri, bila kutaka kufikiri, kwamba sakafu hii ilikuwa haijasiribwa tangu masika, wala haijakanyagwa wala haijamwagiwa maji ya kuosha vyombo. Alipokuwa hai mkwe wake, nyuki gani angeweza kutoboa hapa? Ilikuwa ngumu kama kigae.

Ndipo macho yake yalipofika kwenye mtungi. Ule mtungi uliojazwa maji siku ya mazishi bado ulikuwa karibu na kitanda, na kama mitungi yote ulikuwa umetoa jasho taratibu, miezi ile yote, udongo wa chini yake ukawa mweusi kwa unyevu. Vichuguu vilijaa chumba kizima, lakini kuzunguka mtungi, upana wa mkono kila upande, hapakuwa na tundu hata moja. Walikuwa wamelikwepa lile duara kana kwamba wamechorewa mstari.

Nakijwa alibaki ameshika shavu. Hawa hawataki maji, alijiambia. Watoto wao wanalala mwaka mzima ndani ya udongo. Wakilala mahali penye maji watavunda. Wamekuja hapa na kaburini kwa sababu ni pakavu, pako wazi na hapana mtu anayekanyaga. Mkwe wangu hakumwita mtu. Moyo wake ulianza kutulia. Halafu, kabla haujatulia, akakumbuka ule ubaridi. Siku aliyobandika sikio ukutani pa Shimo alidhani ni hofu iliyomwingia. Haikuwa hofu. Sikio lake lilikuwa limelowa.

Alitoka mle ndani akiacha mlango wazi. Njia ya Shimoni ilipita chini ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba ambalo wanaume wa Isheto walikuwa wamelipanua mwaka juzi wakiongozwa na Kajiru. Lilikuwa bwawa zuri, kubwa mara tatu ya lile la zamani, na Nakijwa mwenyewe alikuwa amewapelekea wachimbaji chakula kwa muda wa mwezi mzima. Sasa akalitazama akiwa mbioni, na kwa mara ya kwanza akaona lilipokaa. Lilikaa mgongoni mwa kilima. Shimo lilikuwa tumboni mwa kilima hichohicho. Wanaume walikuwa hawajui Shimo linaingia ndani kiasi gani, kwa sababu ilikuwa mwiko kuvuka jiwe. Wanawake nao hakuna aliyewauliza ndiva lichimbwe wapi, kwa sababu ndiva si mambo ya wanawake. Maji yalikuwa yamekwenda zake katikati, miaka miwili, bila kumuuliza mtu.

Alifika mlangoni pa Shimo. Mle ndani alisikia majembe yakila udongo. Akaingiza vidole viwili katika kitundu cha nyuki juu ya mlango, akavitoa, vikadondosha maji.

"Kunda!" alipiga kelele. "Kunda, toka!"

Majembe yalinyamaza. Hakuna aliyejibu.

"Kunda! Ni mimi, mama yako! Toka nje upesi!"

Kimya. Alisikia mtu akilia kwa kujizuia, na alijua kilio hicho ni cha binti yake, na alijua kwa nini haitiki. Alikuwa amemfundisha mwenyewe, asubuhi ileile. Nakijwa alijipiga kichwa. Akainama aingie, na hapo akakutana uso kwa uso na Namboza aliyekuwa akitoka na kijinga cha moto mkononi, amekasirika na ameogopa kwa pamoja.

"Umeingiwa na wazimu?" alisema Namboza kwa sauti ya chini. "Unataja jina hapa? Wewe ni mwenzangu kweli, au nani aliyevaa sura yake?"

"Mimi ni Nakijwa. Watoe watu, mwenzangu. Watoe sasa hivi."

"Siwatoi. Mtoto hajajaza hata kikapu. Nyuki wako kwa mkweo, na wewe unajua, na mimi najua, na hawarudi mpaka—"

"Nimekuuliza walikokwenda?" Nakijwa alimkata kauli, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu aliyemzidi umri. "Sote tunajua walikokwenda! Juma zima tunaulizana walikokwenda! Uliza walikotoka, Namboza. Walikuwa hapa tangu enzi za mabibi. Uliza hapa pana nini!"

Akamshika mkono akaubandika ukutani. Namboza alitaka kuunyakua. Kisha akauacha pale. Nakijwa aliona uso wake ukibadilika polepole katika mwanga wa kijinga, kama mtu anayesomewa barua ya msiba. Maji yalikuwa yakimshukia Namboza kiganjani, yakafika kwenye kiwiko.

Namboza aligeuka, akarudi ndani kwa kuinama, na mwanamke yule aliyeshika miiko ya Shimo kuliko wote akaanza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuamsha wafu. "Kunda, toka! Mwanaidi, acha kikapu, toka! Nashesha! Tokeni, ni mimi ninayewaita, tokeni!" Nao kwa kuwa walimwona kwa macho yao wakatoka, wakitambaa, wa kwanza Kunda, akaanguka mikononi mwa mama yake. Akatoka wa pili, wa tatu na wa nne. Wa tano, msichana aliyeolewa mwezi uliotangulia, alikuwa amejikunyata mwisho kabisa wa Shimo, ameziba masikio asisikie jina lake. Namboza alimfuata huko. Wenzake waliokuwa nje walimwona yule msichana akisukumwa kutokea gizani, akijikwaa, akipiga magoti mlangoni, wakamvuta kwa mikono.

Kilima hakikutoa mlio mkubwa kama mnavyodhani. Kilitoa pumzi, basi. Hewa baridi iliwapiga usoni, kijinga cha moto kilichokuwa mlangoni kikazimika, na pale palipokuwa na mlango pakawa na udongo mwekundu uliolowa, unateremka taratibu mpaka kwenye miguu yao. Nyuma yake alibaki Namboza.

Kelele za wanawake ziliwaleta wanaume mbio wakiwa na majembe. Walipofika kwenye jiwe jeupe wakasimama. Mtakuja kusema wanaume wale walikuwa wajinga, lakini walisimama kwa sababu walikuwa na heshima, na heshima ikawafunga miguu. Kajiru alikuwa mbele, mguu mmoja juu, anamtafuta mkewe kwa macho kati ya wale waliookoka.

"Vukeni!" Nakijwa aliwapigia kelele. "Hilo ni jiwe tu! Vukeni, mtu yumo ndani!"

Walivuka. Walichimba mpaka jua likakaa milimani, na kadiri walivyochimba ndivyo udongo ulivyozidi kuja na maji. Walimpata Namboza hatua mbili tu kutoka ulipokuwa mlango. Alikuwa amekwisha.

Kajiru alimlaza mapajani mwake akampangusa udongo machoni. Alikuwa mtu mwenye nguvu, fundi wa maji aliyeheshimiwa mpaka vitongoji vya mbali, na sasa alilia kama anavyolia mtoto, bila kujificha. "Umekwenda wapi, mke wangu?" alisema. "Umekwenda wapi, ukaniacha? Umekwenda wapi?"

Nakijwa alikuwa amesimama karibu, amemshikilia binti yake kiunoni. Baadaye alikiri kwamba alitaka kunyamaza, na kwamba mtu mwema angenyamaza mpaka mazishi yapite. Lakini juu yao kilima kilikuwa bado kimebeba ndiva, na chini yake zilikuwapo nyumba.

"Shemeji," alisema, huku machozi yanamtoka, "usiulize alikokwenda. Uliza alikotoka."

Akamshika mkono, akauingiza kwenye udongo wa juu, pale ulipokatika. Maji yalipita katikati ya vidole vya Kajiru. Fundi wa maji hahitaji kuelezwa maji. Aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Kisha akainua macho taratibu, kutoka ukutani, kupanda mgongo wa kilima, mpaka kwenye ukingo wa lile bwawa alilolijenga mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumtazama.

Alimkabidhi mkewe kwa wanawake. Akachukua jembe, akapanda peke yake, akakataa mtu yeyote kumfuata. Waliobaki chini walisikia jembe lake likipiga ukingo wa ndiva, pigo baada ya pigo, na baadaye wakasikia maji yakianza kuteremka upande wa pili, korongoni, kusiko na mashamba ya mtu. Mwaka huo mahindi ya kiangazi yalikauka Isheto, na hakuna aliyemlaumu.

Kajiru aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watu wanasema alikuwa na tabia moja iliyowakera vijana. Akiambiwa mke wa fulani amerudi kwao, au ukoo fulani umefunga mizigo ukahamia nyikani, au kijana ametoroka kwa baba yake, kila mtu angeuliza kaenda wapi, kafikia kwa nani, kapata nini huko. Yeye hakuuliza hayo. Angeinuka, akachukua fimbo yake, akaenda mpaka kwenye ile nyumba iliyoachwa, akasimama mlangoni, akabandika kiganja chake ukutani. Vijana walipomcheka na kumuuliza anatafuta nini, alikuwa akiwajibu bila kugeuka, na jibu lake lilikuwa hilohilo siku zote:

"Nyuki akihama, usiulize alikokwenda, uliza alikotoka."